Mchaichai kwenye sufuria na katika tiba za asili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kule Tanga nilikokulia, kichaka cha mchaichai huwa pembeni ya karo, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagikia. Hakuna anayekumbuka nani aliupanda. Asubuhi mtoto wa jirani anapiga hodi: "Shikamoo bibi. Mama kasema umpatie mchaichai." Bibi anajibu huku bado anapuliza moto: "Marahaba mjukuu wangu. Kakate mwenyewe, ila usiung'oe, na uangalie vidole." Onyo la vidole lilikuwa la kweli. Kingo za jani la mchaichai hukata kama wembe, na sisi watoto tulilijua hilo baada ya kutoka damu.

Siku hizi maswali ninayoulizwa kuhusu mmea huu mengi hayahusu chai. Watu wanataka kujua kama unashusha presha, kama unaponya saratani, kama mjamzito anaweza kuunywa. Msimamo wangu nausema mapema: mchaichai ni kiungo cha jikoni chenye manufaa madogo lakini ya kweli kwa mwili, na anayeufanya daktari wake anajiweka hatarini. Na hata hapo jikoni, wengi wetu tunautumia nusu tu. Nusu iliyo nzuri zaidi tunaiacha shambani.

Mchaichai ni nini hasa? Ndio mti wa chai?

Hapana. Chai tunayoijua, ile ya Mufindi, Rungwe au Kericho, hutoka kwenye mti uitwao kitaalamu Camellia sinensis. Mchaichai ni nyasi, jamaa wa karibu wa mtama na muwa, na jina lake la kitaalamu ni Cymbopogon citratus. Asili yake ni Asia ya kusini na kusini-mashariki.

Tofauti hii ina maana kwa mnywaji. Mchaichai hauna kafeini. Ukichemsha majani yake peke yake, bila kutia majani ya chai, unapata kinywaji cha rangi ya manjano hafifu ambacho hata mtu anayekosa usingizi kwa sababu ya chai anaweza kukinywa usiku. Ukitia majani ya chai, kafeini imerudi, na hapo usiulaumu mchaichai ukikesha.

Mbona kila mahali una jina lake?

Waganda huuita kisubi. Wanyarwanda husema icyayicyayi, neno ambalo Mswahili analielewa akilisikia tu. Kongo utasikia sinda, na wanaozungumza Kifaransa husema citronnelle. Hilo la mwisho liangalie, kwa kuwa jina kama hilo hutumika pia kwa mmea mwingine wa ukoo huohuo ambao mafuta yake hutiwa kwenye dawa za kufukuza mbu. Ule wa mbu huwa na mashina yenye wekundu chini na harufu yake ni kali kama sabuni. Si wa kupikia chai. Njia ya kuutambua mchaichai wa jikoni ni kuchukua jani, kulikunja na kulisugua viganjani. Ukinuka ganda la ndimu, umepata. Usiponuka kitu, umekata majani ya ng'ombe.

Unanukia ndimu, kwa nini basi haukatishi maziwa?

Swali zuri, na jibu lake linafungua mambo mengi ya jikoni. Ndimu ina vitu viwili tofauti: ukali ulio kwenye maji yake, ambao ni asidi, na harufu iliyo kwenye ganda lake. Maziwa hukatishwa na asidi. Mchaichai umechukua ile harufu peke yake. Kinachonukia kinaitwa sitrali, nacho ndicho sehemu kubwa ya mafuta ya mmea huu, mara nyingi zaidi ya theluthi mbili. Sitrali hiyohiyo imo kwenye maganda ya ndimu na limau.

Ndiyo maana unaweza kutia mchaichai kwenye chai ya maziwa, kwenye tui la nazi, hata kwenye uji, ukapata harufu ya ndimu bila kuharibu kitu. Ndimu yenyewe ingekugeuzia sufuria nzima mtindi.

Chai yangu ya mchaichai ina ladha ya nyasi. Nakosea wapi?

Karibu kila mara kosa ni moja kati ya haya matatu: majani hayakupondwa, sufuria haikufunikwa, au umechemsha muda mrefu mno.

Mafuta ya mchaichai yamefungiwa ndani ya jani. Jani zima likitupwa kwenye maji linatoa rangi na ukijani kabla halijatoa harufu. Kwa hiyo lazima ulivunje. Chukua majani manne au matano marefu, yaoshe vizuri (vumbi hukaa sana kwenye makutano ya jani na shina), yashike pamoja kama unavyoshika nguo ya kukamua, kisha yasonge kwa nguvu mpaka viganja vinukie na uone unyevu. Yakunje mara tatu, chukua jani moja uyafunge fundo. Fundo hilo lina kazi mbili: litatoka kwa urahisi, na halitakuachia vipande vya majani kwenye kikombe. Jani la mchaichai lina ukali wa kukwaruza koo, kwa hiyo anayekatakata majani na kuyamwaga ovyo lazima achuje vizuri.

Tia fundo kwenye vikombe vitatu vya maji baridi na ufunike. Yakichemka, punguza moto, acha dakika tano hadi saba. Hapo ndipo utie tangawizi iliyotwangwa, kisha majani ya chai vijiko viwili vidogo, na mwisho maziwa kikombe kimoja na nusu. Yakipanda mara moja, epua.

Nilikuwa nachemsha nusu saa nikidhani navuta utamu. Shangazi yangu alikuwa amekaa barazani, akaniita: "Mwanangu, hiyo harufu ninayoisikia huku ndiyo iliyotoka kwenye kikombe chako." Sitrali huondoka na mvuke. Baada ya nusu saa bila kifuniko unabaki na maji ya majani.

Kwa chai ya rangi, ile ya kunywea vitumbua au mkate wa kumimina, punguza viungo. Mchaichai na tangawizi vinatosha, au mchaichai na karafuu moja. Iliki na mdalasini vikizidi vinaufunika mchaichai kabisa, na utakuwa umekata majani bure.

Nitumie majani au shina?

Hili ndilo ninalotamani kila mpishi wa Kiswahili alisikie. Sisi tunakata majani na kuliacha shina. Mpishi wa Thailand au Vietnam hufanya kinyume: hula shina, majani anaweza hata kuyatupa. Supu ya tom yam inayosifika duniani kote haitengenezwi bila shina la mchaichai.

Ukilichomoa shina moja kutoka kwenye kichaka, utaona sehemu ya chini, urefu wa kidole cha kati au kuzidi kidogo, imenenepa na kuwa nyeupe. Bandua tabaka mbili za nje zilizokauka. Ndani utakuta kitu laini, cheupe chenye zambarau kwa mbali, kama kitunguu kichanga. Likate lile: harufu yake ni tamu kuliko ya jani, na halina ule ukijani. Jani ni la chai, kwa sababu chai inahitaji harufu nyepesi ya haraka. Shina ni la chakula, kwa sababu linastahimili moto na linashindana na chumvi, nazi na pilipili bila kupotea.

Kuchomoa mashina mawili matatu ya pembeni hakuui kichaka. Kinachokiua ni kung'oa katikati.

Naweza kuupikia vyakula gani vya kwetu?

Anza na supu ya samaki. Kwa changu mmoja wa kama kilo moja, chukua mashina matatu, yabandue, kisha yagonge kwa mchi mpaka yapasuke yawe kama fagio. Yatie kwenye maji pamoja na tangawizi, kitunguu maji, nyanya moja, pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa na chumvi. Chemsha dakika kumi kabla samaki hajaingia. Kisha tia vipande vya samaki, dakika nane hadi kumi zinatosha, epua, na ndimu ikamuliwe sufuria ikiwa chini, si motoni. Mchaichai hukata shombo vizuri sana, na ndimu inabaki na kazi yake ya ukali tu. Mashina uyatoe kabla ya kupakua. Mgeni akilitafuna atadhani amekula kijiti.

Wali wa nazi ndio unaonishangaza kila mara kwa jinsi unavyobadilika kwa jambo dogo. Fundo la majani matatu, au shina moja lililogongwa, litie kwenye tui likiwa linachemka kabla ya mchele. Liache humo mpaka wakati wa kupalia, kisha litoe. Usitie zaidi ya hapo. Wali unatakiwa unukie nazi kwanza, na mchaichai uje nyuma.

Kuku wa kuchoma anataka kazi zaidi. Hapa shina linaliwa lenyewe, kwa hiyo tumia ule moyo mweupe tu, ukatekate vipande vyembamba kama karatasi kwa upana wa shina ili nyuzi zikatike, halafu utwange kwenye kinu pamoja na kitunguu saumu punje tano, tangawizi ya urefu wa kidole gumba na chumvi. Ongeza ndimu na mafuta kidogo, paka kuku, mwache saa mbili au alale hadi kesho mahali pa baridi. Ukikata vipande vikubwa nyuzi zitakaa kwenye meno.

Mchuzi wa nazi wa pweza, wa kamba au wa maharage unafuata kanuni hiyohiyo ya shina lililogongwa. Pilau sikushauri. Bizari ya pilau imejitosheleza.

Na juisi?

Chemsha majani yaliyosongwa kwa maji machache, funika, acha yapoe yakiwa yamefunikwa, chuja, ongeza maji baridi, sukari kidogo na ndimu. Ni nzuri kwa futari.

Mbichi na mkavu vina tofauti?

Tofauti ni kubwa. Ukaukaji huondoa sehemu ya mafuta, na ukaukaji wa juani huondoa nyingi zaidi. Ukitaka kukausha, kata majani vipande vifupi, yatandaze kivulini penye upepo, na yakikauka bado na rangi ya kijani uyatie kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana. Yaliyogeuka rangi ya majani makavu ya mpunga hayana cha kukupa. Mashina yanakaa vizuri kwenye friza, mazima, kwa miezi kadhaa.

Wazee walitumia mchaichai kwa maradhi gani?

Pwani na bara utasikia karibu orodha moja: tumbo lililojaa gesi, kichefuchefu, mafua na kikohozi, homa, uchovu wa mwili, na maumivu ya hedhi. Kwa tumbo na gesi wanakunywa kikombe cha maji ya mchaichai baada ya kula, mara nyingi na tangawizi. Kwa mafua wanaongeza ndimu na asali.

Katika orodha hiyo, tumbo na mafua ndiyo ninayoyaamini kwa mtindo wa nyumbani. Kinywaji cha moto hulainisha makamasi na koo, mvuke wake hufungua pua, na mtu mwenye mafua anahitaji maji mengi mwilini kuliko kitu kingine. Harufu nzuri humfanya mgonjwa asiye na hamu anywe kikombe kizima. Hiyo ni faida, hata kama haina maajabu. Kwenye maabara mafuta ya mchaichai yameonekana kuzuia baadhi ya bakteria na fangasi, lakini mafuta yaliyokolezwa kwenye sahani ya maabara ni kitu kimoja, na majani manne kwenye lita ya maji ni kingine kabisa.

Je, unatibu homa na malaria? Na kujifukiza nyungu?

Mchaichai hautibu malaria. Malaria hutibiwa kwa dawa mseto baada ya kipimo. Mgonjwa anaweza kunywa chai ya mchaichai akiwa anatumia dawa zake, na anaweza kujisikia nafuu kwa jasho na joto, ila nafuu hiyo ndiyo inayodanganya: homa ya malaria hupanda na kushuka yenyewe, na anayekunywa majani homa ikishuka atasema majani yameshusha. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa siku hiyohiyo. Akipata degedege, akitapika kila kitu au akilegea, usisubiri hata sufuria ichemke.

Kujifukiza ni desturi ya zamani: sufuria ya maji yanayochemka yenye mchaichai, mkaratusi, majani ya mwarobaini au ya mpera, na mtu anajifunika blanketi juu yake. Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipoingia, nyungu ilirudi kwa kishindo Tanzania, hata kwa watu ambao hawakuwahi kuifanya. Mvuke unaweza kufungua pua iliyoziba. Kuua virusi ndani ya mapafu hauwezi.

Naandika hili nikiwa na sababu. Katika ukoo wetu kuna binti aliyeungua nyungu akiwa na miaka sita. Mama yake alimpakata chini ya blanketi, sufuria ikiwa juu ya kigoda kifupi. Mtoto alistuka kwa joto, akarusha mguu, kigoda kikaegama. Maji yalimwagika pajani hadi kwenye kifundo. Waliokuwepo wakampaka dawa ya meno, na kufika kwenye matibabu ilikuwa asubuhi ya pili. Leo ni msichana mkubwa, na lile paja bado halinyooki vizuri akikaa mkekani. Mama mtu hakuwa mzembe. Alikuwa anafanya alichofanyiwa yeye.

Kwa hiyo: mtoto hafukizwi. Mtu mzima anayetaka, sufuria ikae sakafuni, mbali na moto, uso uwe mbali nayo kwa urefu wa mkono, na dakika tano zinatosha. Mwenye pumu aache, maana mvuke na harufu kali vinaweza kumbana kifua. Ajali ikitokea, mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika ishirini, usipake dawa ya meno, yai wala unga, nenda kituo cha afya.

Unashusha presha na sukari?

Unasifika kwa kuongeza mkojo na kushusha presha. Tafiti kwa binadamu ni chache na ndogo, hazitoshi kumwambia mtu aache vidonge. Mwenye presha anaweza kufurahia kikombe kimoja au viwili kwa siku. Asichoweza kufanya ni kubadilisha dawa kwa majani, kwa sababu presha haiumi mpaka siku inapompiga kiharusi.

Anayetumia dawa za kisukari, dawa za presha au za kusukuma mkojo, au mwenye ugonjwa wa figo, amwambie daktari wake kama anakunywa mchaichai mwingi kila siku. Aseme kwa vipimo: majani mangapi, vikombe vingapi. Wengi tunaficha mambo ya mitishamba tukiogopa kugombezwa, na daktari anabaki anashangaa vipimo.

Kuhusu kisukari kuna jambo lililo wazi kuliko yote. Nimeona wazee wakinywa "chai ya dawa" ya mchaichai yenye vijiko vinne vya sukari. Jifunze kuunywa bila sukari. Harufu yake humfanya mtu asikose sana utamu, na hiyo ndiyo huduma kubwa ambayo mmea huu unaweza kumpa mgonjwa wa sukari.

Nimesoma kwamba unaua seli za saratani. Ni kweli?

Habari hiyo ina chanzo cha kweli ambacho kimevutwa kupita kiasi. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion nchini Israel walionyesha kwamba sitrali ilisababisha baadhi ya seli za saratani ya damu, zikiwa zimekuzwa maabara, kufa. Habari ikaenea kwamba kikombe cha mchaichai kinatibu saratani. Watafiti walimwagia seli dawa moja kwa moja. Ukinywa chai, inapita tumboni na kwenye ini, na mwili unaivunjavunja kabla haijafika popote. Vitu vingi huua seli maabara na havimponyi mgonjwa.

Mgonjwa wa saratani anaweza kunywa chai hii ikimtuliza kichefuchefu, kwa ushauri wa wanaomtibu. Anayemwambia aache matibabu kwa ajili yake anamnyima muda ambao hautarudi.

Unaleta usingizi na kutuliza wasiwasi?

Brazil, ambako chai ya mchaichai hunywewa kwa sababu hiyo hasa, watafiti waliwapima watu na kuchapisha majibu mwaka 1986. Hawakuona dalili ya sumu kwa wanywaji, na hawakuona pia kwamba inaleta usingizi au kuondoa wasiwasi. Mimi hunywa usiku hata hivyo. Kukaa barazani na kikombe cha moto kisicho na kafeini baada ya isha kuna utulivu wake.

Mjamzito, anayenyonyesha na watoto je?

Mchaichai kidogo kwenye supu au wali hauna neno. Kunywa maji yake mazito kila siku wakati wa ujauzito sikushauri, na mafuta yake yasitumike kabisa. Majaribio ya wanyama waliopewa kwa wingi viambata vilivyomo kwenye mafuta hayo yalionyesha madhara kwa watoto tumboni. Kuna pia wanawake wanaoutumia mchaichai mzito "kuteremsha hedhi", na hilo peke yake lingetosha kumfanya mjamzito awe mwangalifu. Anayenyonyesha afuate tahadhari hiyohiyo.

Mtoto chini ya miezi sita hanywi kitu zaidi ya maziwa ya mama. Najua bibi zetu wanamtilia matone kwa ajili ya tumbo. Kwa heshima yote, bibi, hapana. Tumbo lake ni dogo, maji ya kienyeji si salama kwake, na kila kijiko cha chai ni kijiko cha maziwa alichokosa.

Mafuta ya mchaichai yanatumikaje?

Kisiwani Pemba, kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) cha Wawi, kinachojulikana kwa mafuta ya karafuu, hukamua pia mafuta ya mchaichai kwa mvuke. Ni mengi sana ndani ya kidogo: rundo kubwa la majani hutoa kichupa. Kwa hiyo hayanywewi, hata tone kwenye chai. Hayapakwi yakiwa matupu pia. Sitrali huwachubua watu na kuwaletea mzio, na ndiyo maana Umoja wa Ulaya unawalazimisha watengenezaji wa vipodozi kuitaja kwenye lebo. Kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi kwa matone matatu ya mchaichai kinatosha kwa kuchua miguu. Jaribu kwanza ndani ya mkono, usubiri siku moja.

Unafukuza mbu na nyoka?

Mafuta yakipakwa yanapunguza mbu kwa muda mfupi, saa moja au mbili. Kichaka kikiwa kimesimama tu bustanini hakifukuzi mbu, kwa kuwa harufu imefungwa ndani ya majani. Chandarua kibaki kitandani. Kuhusu nyoka, usitegemee. Kichaka kinene kisichopogolewa, chenye majani makavu chini, ni maficho mazuri kwa panya, na panya humwita nyoka. Safisha shina zake.

Nauziwa chupa iliyoandikwa inatibu maradhi kumi na mawili. Ninunue?

Tanzania Bara ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ndilo linalosajili waganga na dawa zao. Uliza namba ya usajili, uliza ndani mna nini na kiasi gani. Muuzaji mwema atakujibu bila kukasirika. Mchaichai wenyewe unaupata kwa jirani.

Nipandeje?

Mchaichai hutoa maua kwa nadra, kwa hiyo hatupandi mbegu. Karibu kila kichaka ni kipande cha kichaka kingine, mkono kwa mkono. Omba mashina matatu yenye mizizi, kata majani yabaki urefu wa shubiri, fukia kina cha kidole gumba mwanzoni mwa mvua, acha nafasi ya sentimita sitini hivi kati ya shina na shina. Unataka jua kamili na udongo usiotuama maji. Baada ya miezi minne hadi sita anza kuvuna, ukikata kwa kuacha sentimita kumi hadi kumi na tano juu ya ardhi. Kila miaka mitatu au minne kichaka huzeeka katikati. Kigawe na ukipande upya. Ukiona madoa ya rangi ya kutu kwenye majani, kata majani hayo uyachome. Na kama kichaka kiko kwenye maji ya karo kama cha kwetu, osha majani kwa maji safi mara mbili.

Niko Ulaya, au Marekani. Nitaupata wapi?

Kwenye maduka ya vyakula vya Asia, wanauza mashina bila majani. Kwa chai, gonga shina moja kwa vikombe viwili. Chagua mawili ambayo kitako chake hakijakatwa hadi ndani, yasimamishe kwenye glasi yenye maji ya vidole viwili karibu na dirisha lenye jua, na ubadilishe maji kila baada ya siku mbili. Wiki mbili au tatu yatatoa mizizi myeupe. Ikifika urefu wa kidole, hamishia kwenye ndoo yenye matundu chini. Kiangazi ndoo ikae nje. Baridi ikianza iingize ndani, kwa maana usiku mmoja wa barafu unatosha kuua kichaka chote.